Jiko la Mlimani: Siku Moja ya Kula Kutoka Mtwara Hadi Newala, Masasi na Ndanda

Mgeni akifika Mtwara, wenyeji humpeleka feri kula samaki. Atapewa changu wa kukaanga, pweza wa nazi, na kamba kama bahari imekubali. Jioni atapelekwa Mikindani kuliona boma la Wajerumani la mwaka 1895 na kusikia habari za Livingstone, aliyeanzia hapo safari yake ya mwisho ya bara mwaka 1866. Kesho yake anapanda basi la Dar es Salaam akiamini kwamba amekula Kusini.

Mimi ni mtoto wa Lindi mjini. Nimelelewa na bahari na samaki sitamkana. Lakini nimeolewa mlimani, na kwa watu wa huku mlimani maana yake ni kule juu: Nanyamba, Tandahimba, Mahuta, Newala, miji na vijiji vilivyokaa juu ya uwanda wa Makonde. Kule kuna jiko jingine kabisa. Kwa muda mrefu nililiona kama jiko la watu wasio na kitu: muhogo mkavu, mizizi ya porini, mboga za majani. Leo nasema kwa moyo mweupe kwamba ni jiko la watu wenye akili sana, waliojua kula vizuri mahali ambapo maji hayapo. Ukilionja kituo kwa kituo kwa siku moja, kutoka ufukweni hadi ukingo wa magharibi kisha ukateremka upande wa pili, utaona kila chungu kinaeleza jambo hilo hilo.

Ilikuwa Jumamosi ya Oktoba. Zuhura tulimwacha kwa bibi yake, na baada ya sala ya alfajiri mimi na Baba Zuhura tukawasha gari. Nilishika usukani mimi. Yeye alikuwa na kazi ya kushuka na kununua, kwa sababu Kimakonde chake kinapunguza bei na kuongeza nyongeza.

Ukitoka mjini unapita Naliendele, kilipo kituo cha utafiti wa kilimo ambako mbegu bora za mikorosho zimezalishwa na kusambazwa hadi mikoa ambayo zamani haikuijua korosho. Baada ya hapo nchi inaanza kuinuka polepole, bila kona kali wala genge, kiasi kwamba usipoisikiliza injini hujui kama unapanda. Barabara hii ya kwenda Masasi kupitia Newala ni ya kilomita 210. Kipande cha mwanzo cha kilomita 50 hadi Mnivata kina lami. Mbele ya hapo tulikutana na mitambo, vifusi, michepuko na vumbi jekundu, maana ujenzi wa kilomita 160 zilizobaki ulikuwa ukiendelea. Watu wamekuwa wakiisubiri lami hii kwa miaka mingi, na utajiri wote wa korosho umepita hapa ukiacha mashimo nyuma yake. Nilifurahi kula vumbi lile.

Kitu cha kuangalia njiani ni udongo. Ni mchanga mwekundu, mwingi, wa kina kirefu. Mvua ikinyesha maji hayakai, yanazama papo hapo na kwenda chini kabisa. Juu ya uwanda hakuna mto. Unaendesha saa nzima kati ya mikorosho na vichaka, kijani kila upande, na huoni kijito hata kimoja. Swali la kwanza la mtu wa pwani ni kwa nini watu walikwenda kukaa huko. Jibu ni la kihistoria. Katika karne ya 19 mabondeni kulipita misafara ya watumwa na uvamizi wa Wangoni, na vichaka vizito vya huku juu vilikuwa ngome. Watu walichagua kiu kuliko mnyororo. Kila walichopanda na kupika baada ya hapo kilibidi kiendane na uamuzi huo.

Kifungua kinywa tulikipata Nanyamba, kwenye kibanda cha mama mmoja aliyekuwa akichemsha mihogo na kuimwagia mbaazi za nazi. Sina mengi ya kuieleza zaidi ya kwamba mbaazi zilikuwa nzito, zimeiva hadi zinajiponda zenyewe, na nazi haikuwa ya kubabaisha. Mbaazi ni zao la Kusini hasa. Haziombi maji, zinasimama shambani wakati mahindi yamekwisha kata tamaa. Pembeni ya kibanda, juu ya jamvi, makopa yalikuwa yameanikwa, vipande vyeupe vya muhogo uliomenywa na kupasuliwa, vinangoja jua. Kuna sehemu za nchi muhogo hulowekwa au huvundikwa kwanza. Hapa kazi kubwa imeachiwa jua na kinu, kwa sababu jua ndilo lisilonunuliwa.

"Shikamoo mama," Baba Zuhura alimwambia wakati wa kulipa.

"Marahaba mwanangu. Mnaenda mnadani?"

Swali hilo tuliulizwa karibu kila tuliposimama. Oktoba ni mwezi wa minada, na gari geni lenye watu wawili waliovaa vizuri haliwezi kuwa na shughuli nyingine isipokuwa korosho. Tulipomjibu kwamba tunazunguka kula, alicheka, kisha akatuongezea muhogo kwenye mfuko wa njiani.

Tandahimba ndipo tulipokaa muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Wilaya hii ni kati ya zinazotoa korosho nyingi kabisa nchini, na mjini unaiona korosho kila mahali: kwenye magunia mbele ya maghala, kwenye mizani, kwenye mazungumzo ya wazee barazani. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoanza mwaka 2007, mkulima anapeleka mzigo kwenye chama cha msingi, unapelekwa ghala kuu, na wanunuzi wanashindana kwa bei mnadani. Msimu wa 2018 wanunuzi walipotoa bei ndogo, Rais Magufuli aliagiza serikali inunue kwa shilingi 3,300 kwa kilo na wanajeshi wakaja kubeba mzigo. Habari hiyo bado inasimuliwa hapa kwa hisia, kila mtu na upande wake.

Korosho nyingi zinaondoka zikiwa ghafi, na ganda lake, kwenda India na Vietnam, na huko ndiko zinakobanguliwa. Viwanda vilivyojengwa miaka ya 1970 kwa mikopo vingi vilikuja kusimama. Matokeo yake unaingia mgahawani katikati ya nchi ya korosho na kwenye ubao hakuna chakula hata kimoja chenye korosho. Kuna chipsi, kuna wali nyama, kuna soda. Jambo hili linaniuma. Korosho tunazoziona kwenye pakiti za duka kubwa la Dar es Salaam zimechumwa na mikono ya watu hawa hawa, na mtoto wa hapa anaweza kumaliza mwaka bila kuwekewa kiganja cha korosho zilizobanguliwa mezani.

Lakini majumbani bado wanabangua, na huko ndiko Baba Zuhura alikonipeleka, kwa mama anayefahamiana na ukoo wao. Alikuwa na bati la debe lililopasuliwa na kutobolewa matundu kwa msumari, limewekwa juu ya mafiga matatu. Akamwaga korosho ghafi, akawa anazikoroga kwa mti mrefu. Kwanza hakutokea kitu. Halafu maganda yakaanza kutoa jasho jeusi, mafuta yakachuruzika kwenye matundu, na ghafla moto ukapanda juu ya bati, ukaruka hadi usawa wa kiuno. Moshi wake ni mzito na unachoma macho. Watoto walifukuzwa, sisi tukarudi nyuma, yeye akaendelea kukoroga ndani ya ule moto bila kupepesa. Hapo ndipo ujuzi ulipo. Ukiwahi kutoa, ganda halipasuki vizuri na kiini kinabaki kibichi; ukichelewa, umechoma hela. Kuna sekunde moja anayoijua yeye tu. Ilipofika akaupindua mzigo wote mchangani kwa mti, akaufukia kwa mchanga, moto ukazimika.

Zikapoa, nyeusi kama makaa. Akajipaka majivu vidoleni, kwa sababu mafuta ya ganda hili yanababua ngozi, akaweka korosho moja juu ya jiwe, kwa ubavu, akaigonga mara moja kwa jiwe dogo. Ganda likafunguka pande mbili na kiini kikatoka kizima. Kizima ndiyo habari yenyewe, maana sokoni korosho nzima na vipande havina bei moja. Mimi nilijaribu nikatoa vipande, vikaliwa hapo hapo. Ladha ya korosho iliyobanguliwa kwa moto wa wazi haifanani na ya kiwandani. Ina moshi kidogo, ina utamu unaokuja nyuma, na ikiwa ya moto bado ni laini katikati. Tulinunua kibaba kikubwa na sikukubali kupunguziwa bei.

Mabibo yalikuwa yametapakaa chini ya kila mkorosho, mekundu na ya njano. Baba Zuhura alichagua ya njano, akaniambia niinamie mbele wakati wa kuuma, maana maji yake yakidondokea kitenge doa halitoki tena. Tunda hili halisafiri. Likichumwa leo kesho limelainika, ndiyo maana mtu wa mbali hawezi kulijua. Ni tamu, lina maji mengi, halafu linakaba koo hadi ulimi unakuwa mkavu. Kwenye nchi isiyo na mto, tunda lenye maji kiasi hiki lilikuwa neema. Linaliwa shambani wakati wa kuokota, na mengine yanakaushwa kuwa kochoko ya kula miezi ya mbele. Mengine yanakamuliwa na kuachwa yachachuke yawe uraka, au yanaendelea hadi kuwa nipa, pombe kali ya kienyeji. Sisi hatunywi, kwa hiyo hapo wengine watasimulia. Kochoko nilinunua. Ni nyeusi, inanata, inatafunika kama tende iliyogoma, na ukali wa koo umepungua sana.

Kabla hujafika Newala utasikia jina Luagala, na kila nikilisikia namkumbuka Machemba, mtawala wa Wayao aliyekuwa na ngome yake huko. Mwaka 1890 aliandikiwa na Wajerumani ajisalimishe kwa kamanda wao Wissmann, naye akajibu kwa barua ya Kiswahili kwamba haoni sababu ya kumtii. Alishikilia msimamo huo hadi mwaka 1899, alipolazimika kuvuka kwenda Msumbiji. Nimemtaja kwa sababu watu hupita barabara hii wakidhani wanapita msituni tu.

Newala tulifika jua likiwa la utosi. Upepo wake ni mwingine, mkavu na baridi kidogo, ukitoka pwani unaona kama umebadilisha nchi. Tulikwenda moja kwa moja kwa mjomba. Kwa Wamakonde ukoo unapita kwa mama, na mjomba ndiye mwenye neno. Huwezi kuingia Newala ukala kwingine kabla hujamwamkia.

"Karibu mkwe wangu. Umekonda, huko pwani hawakulishi?"

"Shikamoo baba. Wananilisha samaki."

"Samaki wana maji. Kaa hapa ule chakula."

Uani kwa mjomba kuna kisima cha saruji cha kuvunia mvua. Bati la nyumba lina mfereji unaoingiza maji humo, na nyumba nyingi za uwanda huu zina kitu kama hicho, kubwa au ndogo kulingana na misimu mizuri ya korosho iliyopita. Mradi wa maji wa Makonde, unaosukuma maji kutoka chemchemi za bondeni kuja juu, ulianzishwa miaka ya 1950. Kabla yake maji yalikuwa ni kushuka. Bibi yake Baba Zuhura alikuwa akimsimulia: walitoka usiku, wanawake na wasichana, wakateremka genge kwa njia nyembamba, wakajaza mitungi, wakapanda nayo kichwani, na wakifika juu jua limeshatoka. Maji hayo ndiyo ya kunywa, kupikia na kuoga mgonjwa. Alisema mwanamke aliyemwaga mtungi njiani hakugombezwa na mtu, kwa sababu kila mmoja alijua kilio chake. Mradi wenyewe umekuwa ukizidiwa na idadi ya watu, na hadi leo ndoo ya maji Newala ina heshima ambayo Lindi haina.

Mkaza mjomba alituandalia ugali wa muhogo na kisamvu cha korosho. Ugali ule ni mweupe wenye weusi wa mbali, unavutika, unashika mkono. Hautafunwi sana, unateleza, na unahitaji mboga yenye nguvu. Na kisamvu kile kilikuwa nacho. Majani ya muhogo yalitwangwa kinuni na kitunguu saumu hadi yakawa laini kabisa, yakachemshwa muda mrefu kwa moto mdogo, halafu zikaingia korosho. Hakuna nazi. Pwani sisi kisamvu bila nazi tunakiona yatima. Huku korosho ghafi zilizomenywa zinatwangwa hadi zinakuwa uji mzito, zinamwagwa sufuriani, na mafuta yake yanapanda juu ya majani yakiwa ya kijani kibichi inayong'aa. Kile chakula kinashiba mwili na roho. Nilimuuliza anatia maji kiasi gani, akanionyesha kikombe cha chai. Majani yenyewe yana maji, alisema, ukiyafunika vizuri yatajipika.

Nilirudia sahani. Mjomba aliridhika.

Baada ya chakula tulikwenda Shimo la Mungu, pembeni ya mji, mahali uwanda unapokatika. Nchi inaanguka ghafla mbele ya miguu yako, na chini huko, mbali, ni bonde la Ruvuma, na ng'ambo ni Msumbiji. Wengi huja kupiga picha, na wana haki, kwa sababu ni mahali pazuri ajabu. Mimi niliangalia zile njia za miguu zinazoshuka kwenye genge. Nilimwona bibi yake Baba Zuhura na mtungi. Baba Zuhura alikuwa kimya kwa muda, halafu akaanza kunionyesha kwa kidole ni upande gani wa ng'ambo wako ndugu wa mama yake, kwa sababu mto ule umegawa nchi lakini haukugawa Wamakonde.

Tulipokuwa tunarudi kwenye gari ndipo tulipokutana na ming'oko.

Bibi alikuwa amekaa chini ya mwembe na sinia lililofunikwa kitambaa. Ming'oko ni viazi vya porini, vyembamba, virefu kama kidole au zaidi, vyenye ngozi ya kahawia na vinyweleo vya mizizi. Havipandwi kama muhogo. Mtu anaingia kichakani, anautambua mmea kwa kikonyo chake kinachopanda juu ya miti, anachimba kwa mti au chuma, taratibu, maana vinakatika. Kazi yake ni ya kutwa nzima. Miaka ya njaa ming'oko ndiyo iliyookoa nyumba nyingi, na hapo ndipo ilipopata sifa mbaya: mtu aliyepata hela hataki aonekane akila chakula cha njaa.

"Bibi shikamoo. Ya leo?"

"Marahaba. Ya leo mjukuu wangu, imetoka chunguni saa hii. Shika uone."

Ilikuwa ya moto. Inapikwa kwa maji kidogo sana chini ya chungu, inafunikwa kwa majani, inaiva kwa mvuke. Unaichuna ngozi kwa kucha, inatoka kama soksi, ndani nyeupe. Unachovya kwenye chumvi iliyochanganywa na pilipili iliyosagwa. Mwanzoni unapata ukavu na unga, kisha utamu mdogo, na mwishoni uchungu kidogo sana unaokufanya uchukue nyingine. Ncha ina nyuzi, hiyo unaitupa. Tulinunua mafungu mawili, tukala la kwanza tumesimama, na la pili likaisha kabla hatujaanza kuteremka. Kwa miaka yote ya ndoa yangu nimekula ming'oko kwa adabu, kumridhisha mama mkwe. Siku ile nilikula kwa uchu. Nadhani ni upepo wa kule juu, na kulijua genge lile lilivyo. Kama Newala ingekuwa na mgahawa mmoja wenye ujasiri, ming'oko ingekuwa chakula cha kwanza mgeni anachowekewa, na korosho ya moto pembeni, na kisamvu kikifuata.

Kutoka Newala njia inashuka upande wa magharibi, kona baada ya kona, halafu unavuka mto Mwiti na nchi inakuwa tambarare yenye joto. Masasi unaitambua kabla ya kuiona kwa majabali yake, mawe makubwa yanayosimama peke yake juu ya mji. Hapa mwaka 1876 Askofu Steere, yule yule mwanazuoni wa Kiswahili, alileta kundi la watu walioachwa huru kutoka utumwani, wakaanzisha kijiji cha misheni. Lupaso, alikozaliwa na kuzikwa Rais Mkapa, iko wilaya hii hii.

Stendi ya Masasi ni ya njugu mawe. Zinachemshwa na ganda lake kwa chumvi, zinauzwa kwenye vikoni vya karatasi, na ni chakula kizuri cha dereva kwa sababu kila punje inakuchelewesha kulala. Nje kidogo ya mji vijana walikuwa wakiuza panya wa porini waliobanikwa kwenye vijiti, wale wanaoitwa samaki nchanga. Baba Zuhura alinunua bila kuniuliza, akala kwa furaha ya mtu aliyerudi utotoni. Mimi sikula. Lakini sipendi kusikia watu wa mjini wakiwacheka Wamakonde na Wamakua kwa kitoweo hiki. Panya hawa wanakula mbegu na mizizi ya shamba, wananaswa kwa mitego ya ustadi, na ni nyama ya mtu asiyekuwa na maji ya kumpa ng'ombe.

Kutoka Masasi sasa ni lami hadi nyumbani, na njia inafuata bonde la Lukuledi, na ule uwanda tuliokuwa juu yake asubuhi unauona mkono wa kulia kama ukuta mrefu. Kilomita kama 40 hivi ndipo ilipo Ndanda, chini kabisa ya ukuta huo. Watawa wa Kibenediktini walihamia hapa mwaka 1906, baada ya misheni zao za Lukuledi na Nyangao kuchomwa katika Vita vya Maji Maji mwaka uliotangulia. Ukishuka kwenye gari Ndanda unaelewa kwa nini walichagua hapa. Maji yanatiririka. Mvua ile inayozama kwenye mchanga mwekundu wa Newala na Tandahimba inakuja kutokea huku chini, kwenye chemchemi, baridi na safi.

Na jiko linabadilika hapo hapo. Kulikuwa na migomba, miwa, mchicha uliomwagiliwa, nyanya, akina mama wanauza ndizi mbivu kwa mikungu. Mgahawani tuliletewa mchuzi mwingi, mwembamba, na glasi za maji bila kuomba. Ndizi za kupika zilikuwa nzuri, zimeelea kwenye nazi, na kuku hakuwa na kosa. Lakini nilijikuta nautafuta ule uzito wa kisamvu cha mkaza mjomba. Baba Zuhura alikunywa maji glasi mbili, akasema bibi yake hakuwahi kufika Ndanda, ingawa maji yake yote yalikuwa yanakuja huku.

Tulipofika mji wa Mtama tulinunua embe, njia panda ya Mnazi Mmoja tukageukia kulia, na Mtwara tukaingia usiku.

Kwa anayetaka kuifuata njia hii: mabibo na korosho mpya ni kuanzia Oktoba hadi Desemba, na katika miezi hiyo hiyo minada inajaza nyumba za wageni Tandahimba na Newala, kwa hiyo uliza chumba mapema kama hutaki kumaliza mzunguko kwa siku moja. Mbaazi mbichi za kuchemsha utazipata zaidi Julai hadi Septemba. Ming'oko usiitafute mgahawani. Tafuta bibi mwenye sinia sokoni au chini ya mti, na umkute kabla ya saa tisa, maana mara nyingi sinia linakuwa tupu mapema. Kisamvu cha korosho ni chakula cha nyumbani, kwa hiyo ongea na mama ntilie siku moja kabla, umlipie korosho zake mapema, atakupikia. Na gari lijaze maji ya kunywa Mtwara, ya kwako na ya kumpa mtu, kwa sababu kule juu ukimpa mwenyeji wako dumu la maji safi, umempelekea zawadi kubwa kuliko sukari.